Jicho la Saidi na Simu ya Shemeji

Ngarenaro, Arusha
Siku ya nne baada ya Idi

Mama yangu,

Shikamoo Mama. Nakuamkia wewe na yeyote aliyekaa karibu nawe barua hii ikisomwa, ingawa ningependa asiwepo mtu. Wifi Zaina, msomaji ni wewe, najua. Funga mlango kwanza. Msomee Mama taratibu, usiruke mahali, na usianze kulia kabla yake. Shemeji Omari kama yuko uani, mwacheni huko huko mpaka barua iishe.

Hujambo magoti, Mama? Mvua hizi najua zinayachoma. Mtama wa bondeni umesimama au maji yameupitia? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama? Huku mvua hainyeshi, inamwagwa. Mlima Meru hatujauona tangu mwezi wa Ramadhani uandame, na viatu tukiviacha chini ya kitanda siku mbili vinaota kuvu. Mimi mzima. Mwajuma na mdogo wake wazima.

Saidi yu hai. Nimetaka ulisikie hilo kabla ya mengine, kwa hiyo Zaina, lirudie. Saidi yu hai.

Lakini Mama, amepoteza jicho la kulia. Limetolewa hospitali, pamoja na kipande cha mfupa wa shavu na nyama ya ndani ya pua. Zile simu za posta nilizowapelekea za kusema anaendelea vizuri hazikuwa uongo, ila hazikuwa kweli nzima. Aliyewaruhusu wamkate ni mimi. Sasa nisikilize mpaka mwisho, halafu unihukumu.

Unajua kwamba tangu mwaka juzi Saidi ana kisukari, na kwamba kila asubuhi kabla ya kufungua duka lake la magodoro alikuwa anakwenda hospitali kuchomwa sindano. Alikwenda mvua na jua, akirudi ananitania kwamba paja lake limekuwa chujio. Ramadhani ya mwaka jana alikula mchana kwa ruhusa ya ugonjwa, na watu wa pale barazani wakamwita kobe. Siku nzima wanapita dukani, wanagonga mlango, "Kobe yumo?" Yeye anacheka nao, lakini akirudi nyumbani hali. Ukaidi wake unaujua, umeuzaa wewe.

Mwaka huu mwezi ulipokaribia, sheikh alimwambia mbele yangu kwamba mgonjwa ameruhusiwa na Mungu mwenyewe, alishe maskini, yatosha. Saidi akaitika vizuri kabisa, "Ndiyo, sheikh." Kesho yake akafunga. Na sindano akaacha.

Nilimwuliza. Akanijibu, "Sindano inaingia mwilini, na kinachoingia kinafunguza. Halafu, mama Mwajuma, kazi ya sindano ni kuchoma sukari. Mimi sili. Itachoma nini?"

Mama, nitakuambia ukweli. Lile la kwanza nililibishia, lakini la pili lilinikaa. Niliona lina akili ndani yake. Asiyekula sukari ataitoa wapi? Nikanyamaza. Jioni nikampikia uji mtamu na ndizi mbivu na tende, afuturu vizuri mume wangu, na nikajiona mke mwema.

Kumi la kwanza la mfungo halijaisha akawa na kiu. Si kiu ya kufunga, kila mtu anayo hiyo. Jua likizama anakunywa mtungi, usiku kucha anatoka kukojoa, na suruali inamwanguka kiunoni. Nikasema ni saumu. Alikuwa akipumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, naye yuko kitako anashona godoro.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu. Tunaye jirani, Mama Elinami, Mmeru wa kule juu Akeri, Mlutheri, anauza ndizi sokoni. Mtu mwema, hana maneno ya mtaani. Alikuja mlangoni akanivuta pembeni.

"Mama Mwajuma, usinichukie. Mzee wako ananukia mbege."

"Mbege? Pombe, Ramadhani hii?"

"Mimi nimezaliwa kwenye mbege, mama. Ya ndizi iliyoiva ikapitiliza. Siwezi kuikosea harufu yake."

Nilimtukana kimoyomoyo. Saidi alipoingia nikamsogelea nikamnusa, na kweli Mama, pumzi yake ilikuwa ile ile, tamu na chachu, ya ndizi zilizooza. Wale wa barazani nao walikuwa wameshainusa. Mwaka jana kobe, mwaka huu mlevi. Hasira ilinipanda. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mumewe, kwamba afadhali kobe kuliko mnafiki, afadhali angekula mchana sokoni watu wakimwona. Akaapa. Nikamwambia asimtaje Mungu na mdomo unaonuka. Akajilaza akageukia ukuta.

Siku mbili sikusema naye. Niliweka futari chini nikaondoka. Alisema kichwa kinamwuma na pua imeziba, nikajisemea, ulevi huo, utamtoka. Sikumtazama usoni, Mama. Siku mbili mume wangu alikuwa anaoza hatua tatu kutoka kwangu nami nimempa mgongo. Ndizo zinazonila mpaka sasa.

Siku ya tatu Mwajuma ndiye aliyesema, "Mama, jicho moja la baba haliangalii." Nikamgeuza. Shavu la kulia limevimba, kope imeanguka, jicho limetoka mbele na limesimama pale pale kama shanga. Puani anatoka maji meusi yenye damu. Nilimwita, akanijibu maneno ya kuchanganya, akaniita kwa jina lako.

Mama Elinami alisikia kilio changu. Hakuuliza kitu. Akatoa mkokoteni wa Saidi wa kubebea magodoro, tukamlaza juu ya godoro lake mwenyewe, tukasukuma mimi na yeye kwenye tope mpaka hospitali ya serikali. Watoto wako kwake tangu siku hiyo.

Pale hospitali yuko msaidizi wa daktari, Bwana Elifasi, Mchaga wa Machame. Alimnusa mara moja tu, akauliza, "Sindano ameacha lini?" Hakuuliza habari ya pombe. Hapo ndipo nilipojua kwamba ile harufu ni ya kisukari kilichopanda, kwamba mwili ukikosa ile dawa unaanza kujila wenyewe, na damu inajaa sukari na kuchachuka hata kama mtu hajatia punje mdomoni. Nilikaa chini sakafuni. Nesi akaniambia hapakaliwi.

Daktari Mzungu alimfungua mdomo akammulika. Juu kwenye kaakaa palikuwa na doa jeusi kama mkaa. Akachukua kipande akakitazama kwenye kioo chao cha kukuzia vitu. Bwana Elifasi ndiye aliyenieleza.

"Umewahi kuona mkate uliosahaulika, umeota nywele?"

"Nimeona."

"Ndicho kilichomo puani kwa mumeo. Kuvu."

Nikasema basi ni yale majani ya kujazia magodoro. Saidi huyanunua Olasiti, na mvua hizi yalikuja mabichi, akiyachambua vumbi linaruka nyumba nzima. Nikasema kazi yake ndiyo imemwua.

"Ingekuwa majani, mafundi wote wa Ngarenaro wangekuwa wamelala hapa," akasema. "Wewe unalala chumba gani? Watoto wanalala wapi? Hiyo kuvu mnaivuta nyote, hata mimi naivuta. Mwili wenye nguvu unaimaliza kabla haijaota. Wa kwake ulikuwa hauna askari, na damu yenyewe imekuwa chachu. Kuvu imekuta shamba limelimwa."

Nikamwuliza kama atapona. Alikuna kichwa, Mama, kama fundi aliyeletewa saa iliyoingia maji.

"Sitakudanganya. Kwanza sukari ishuke, isiposhuka hata dawa haina pa kushika. Halafu tuangalie imefika wapi. Ikiwa bado iko puani na jichoni, kisu kinaweza kuifuata. Ikiingia kwenye ubongo, hakuna njia. Na siku, mama. Siku ndizo zinazoamua. Nimeiona hii mara mbili tu tangu nianze kazi. Mmoja ndugu zake walimzungusha huku na huku, wakamleta amekwisha. Mwingine aliletwa uvimbe ukiwa mchanga, akakatwa siku ile ile. Huyo anatembea. Ugonjwa ulikuwa mmoja, na daktari alikuwa mmoja."

Daktari alitaka kumpasua kesho yake. Akataka mwenye mgonjwa akubali kwa mkono wake. Nikasema siwezi, mwenye mgonjwa ni kaka yake, yuko Kondoa. Unajua, Mama, kwamba Saidi hajawahi kununua hata kofia bila kumwuliza Omari. Ndiye aliyemlea baba alipokufa. Ndiye aliyemposea mimi. Nikakimbia posta nikapeleka simu: SAIDI MGONJWA SANA DAKTARI ATAKA KUTOA JICHO JIBU UPESI.

Nikangoja. Kutwa nzima nasimama posta, karani ananiambia waya umeanguka huko njiani kwa mvua. Narudi hospitali, kengele ya wageni imelia, natolewa nje, nasimama dirishani. Bwana Elifasi akija ananiuliza kwa macho tu. Siku ya pili vile vile. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nikikubali nimevunja mlango wa nyumba ya watu. Nikikataa nimemwua. Nilikuwa kama panya ndani ya debe, Mama, nazunguka nazunguka na kuta ni zile zile.

Asubuhi ya siku ya tatu sukari ilikuwa imeanza kushuka, lakini lile doa lilikuwa limetambaa. Daktari akasema neno moja, Bwana Elifasi akalifasiri. "Anasema leo, au asisumbuliwe tena."

Karani akaweka karatasi. "Mwenye mgonjwa nani?"

Nikasema, "Mimi."

Nikaandika jina langu, Hadija, kwa ule mwandiko wangu wa darasa la nne.

Simu ya shemeji ilifika alasiri, Saidi ameshatolewa chumba cha kupasulia. ASIKATWE NGOJENI NAKUJA OMARI.

Nimemwelewa, Mama. Usifikiri sikumwelewa. Baba mkwe alikatwa mguu kwa ruhusa ya Omari, na Omari alikuwa bado kijana, na mzee hakuamka. Tangu siku hiyo mtu wa nyumba ile haendi kwenye kisu. Najua neno lile alilitoa wapi. Niliikunja ile simu nikaifunga kwenye pindo la kanga, na sikumwonyesha mtu yeyote, hata Mama Elinami.

Saidi alizinduka baada ya siku mbili, akili yake imerudi. Kitu cha kwanza aliupeleka mkono usoni, akakuta bandeji na chini yake shimo.

"Nani aliruhusu?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mimi. Wallahi nilijiandaa. Nilipofungua mdomo nikasema, "Kaka Omari."

Akashusha pumzi. "Kama kaka amesema, basi."

Na tangu siku hiyo neno lile ndilo linalomshikilia. Maana kukatwa si mwisho. Ipo dawa mpya, wameileta kutoka Nairobi, ya maji ya njano, inapita kwenye mshipa kidogo kidogo, na chupa wanaifunika kwa kitambaa isione mwanga. Bwana Elifasi anasema miaka michache nyuma haikuwepo kabisa. Lakini ni dawa kali, Mama. Ikiingia anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, anatapika, na mkojo wanaupima kila siku kwa sababu inaumiza figo. Watu wa wodi wanajifunika mashuka wasimwone. Inabidi aipate hivyo wiki nyingi, maana mizizi ya kuvu huenda ikawa imebaki. Akiiacha itarudi, na ikirudi hakuna cha kukata tena.

Siku ya Idi aling'oa sindano ya mshipani. Akasema amechoka, bora afe. Nesi akaita, daktari akaja, hakuna aliyemweza. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, "Kaka amesema uimalize dawa." Akanyoosha mkono achomwe tena. Akalia, Mama, kwa lile jicho moja, akasema, "Akija nitamwuliza mwenyewe kwa nini amenifanyia hivi."

Basi ndivyo nilivyo. Kila siku nasali njia ifunguke kwa sababu namtamani mtu wa nyumbani, yeyote, anishike mkono. Na kila siku nasali isifunguke. Mto wa mbele ya Babati bado umejaa, magari yanasimama huku na huku, na wenye miguu mizuri wanavuka na mizigo kichwani. Shemeji na nyonga yake mbovu hawezi, ndiyo maana hajafika. Lakini maji yatapungua. Ataingia wodini na ule ukali wake wa upendo, atamwona mdogo wake hana jicho, atasema mbele ya watu wote, "Nilikataza!" Saidi atajua. Na siku hiyo atakataa dawa. Namjua. Hatafanya hivyo kwa kunikomoa. Atafanya kwa sababu kaka amesema, na kwake yeye limekwisha. Mimi kuachwa naweza kuachwa, nitarudi kwa wazazi wangu na masufuria yangu. Yeye atakufa.

Bwana Hamisi, dereva wa lori, mtu wetu wa Kolo, ameahidi kuivusha barua hii kwa miguu na kuikabidhi ng'ambo kwa mtu anayekuja huko. Nataka iwahi kabla shemeji hajapanda gari.

Mama, kumgeuza Omari hawezi mtu ila wewe uliyemnyonyesha. Sikuombi unisamehe, hilo lina siku yake. Kama ni kosa nimekosa mara tatu: nilinyamaza alipoacha sindano, nilimpa mgongo alipokuwa anaungua, na nimemsingizia mkubwa wangu neno. La nne la kumkata sitaliita kosa, hata ukinikasirikia. Ninaloomba ni hili. Mweleze shemeji kwamba habari ya baba haikuwa dhambi yake. Mwambie mguu wa baba ulichelewa kukatwa, Omari hakukosea kuruhusu. Bwana Elifasi alinifundisha hivyo, kwamba siku ndizo zinazoua. Huenda hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Halafu mwambie akifika hapa, kabla ya kunitazama mimi, amshike mdogo wake mkono na kumwambia, "Nilikubali." Hilo tu. Nje ya mlango wa wodi aniseme atakavyo, nitasimama nimsikilize mpaka atakapochoka.

Nisalimie Baba Mdogo wa mashine ya kusaga, mwambie utani wake nitaulipa kwa utani. Mwalimu wa madrasa nampa heshima zangu, naomba atusomee dua. Bibi mkunga aliyempokea Mwajuma, mwambie mtoto ana macho ya kuona mambo kuliko mama yake. Mama Elinami anakusalimu hata kama hamjaonana. Anasema ukija atakupikia ndizi, na mbege hataileta.

Zaina, umesoma vizuri. Futa machozi ya Mama, kisha ufungue mlango umwite kaka yako.

Mimi mkamwana wako, nikiwa dirishani pa wodi,
Hadija, mama Mwajuma

Humu ndani ya bahasha mna karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne. Ni ile simu ya shemeji. Nimemrudishia mwenyewe neno lake. Baada ya karani wa posta, hakuna aliyelisoma ila mimi.